Mkia wa Damu ya Mzee

Niseme mapema kwamba mimi sikumpenda. Watu wakisikia habari za kasuku wa mama yangu hunitazama kwa huruma, wakidhani nilimpenda kufa tangu siku ya kwanza. Wapi! Siku ya kwanza aliniuma sikio hadi likatoka damu, halafu akaruka akakaa juu ya mlango wa duka, anatikisa kichwa juu na chini, ananicheka. Nikamwambia mwenye ndege, jirani yangu wa duka, "Mzee, huyu ndege wako nitamtia kwenye mchuzi." Mzee akacheka mpaka akakohoa. Na kasuku naye akakohoa, kikohozi kilekile cha mzee, kikavu, kimekatika katikati. Hapo hata mimi nilishindwa kujizuia, nikacheka na sikio langu linauma.

Mzee huyo tulipakana maduka pale Makambako, karibu na njia panda. Mimi nauza masweta na makoti ya mitumba, biashara ambayo kwa baridi yetu na ule upepo wa Makambako haijapata kunilaza njaa. Yeye aliuza spea za malori. Kwao Unguja. Alikuja bara akiwa kijana, akaoa, akafungua duka, akamzika mkewe hapahapa, akazeeka. Lakini maneno yake ya kwao hakuyaacha. Viazi aliita mbatata. Nyanya aliita tungule, na tulimtania kwa hilo kila siku ya Mungu.

"Mzee, sema nyanya."

"Tungule."

"Nyanya, bwana!"

"Nyanya ni bibi yako mzaa mama, mwanangu. Yule huwezi kumtia kwenye mchuzi."

Ndivyo tulivyoishi naye. Kasuku aliletewa na mwanawe, dereva wa malori yanayokwenda mpaka Afrika Kusini. Kule wapo watu wanaofuga kasuku wadogo wa kila namna, na huyu alianguliwa kwenye banda la mmoja wao. Alipita Zambia na Tunduma na makaratasi yake yote, safi kuliko ya dereva mwenyewe, mzee alivyopenda kusema. Asili yake hasa si Afrika. Mababu zake ni wa Marekani ya Kusini, misitu ya Bolivia na Brazili huko. Nilipoambiwa hivyo nikasema haya, ametoka kote huko kuja kuniuma mimi muuza mitumba.

Ngoja nieleze alivyokuwa, maana mtu akisikia kasuku anamfikiria yule mkubwa wa kijivu anayetukana wageni. Huyu alikuwa mdogo. Mwili wake haukufikia wa njiwa, na nusu ya urefu wake ilikuwa mkia. Mgongoni kijani, mashavuni kijani, kichwani rangi ya kahawia iliyofifia. Kifuani manyoya yalipangana yana kingo nyeupe nyembamba, ukimtazama haraka unaona magamba ya samaki. Akikunjua bawa inatokea buluu ambayo hukuitegemea. Mdomo mweusi, umepinda. Kuzunguka jicho palikuwa na pete nyeupe ya ngozi tupu, nayo ilimpa sura ya mtu aliyeletewa habari za kushtua na bado hajaamini. Halafu ule mkia, mrefu, mwembamba, wa rangi ile tunayoiita damu ya mzee. Mimi ni mtu wa nguo, rangi nazijua. Sijawahi kupata sweta lenye damu ya mzee iliyokolea namna ile.

Tabia sasa. Mungu anisamehe, alikuwa na kisirani. Vifungo vya nguo alivichukia. Akikukalia begani anashuka navyo kimoja kimoja anaving'oa, kisha anaviangusha na kuinama kuvitazama vilivyoanguka. Alikuwa na wivu. Mteja akisimama karibu na mzee kupita kiasi, anatanua mabawa na kutembea juu ya kaunta kwa mwendo wa askari. Ukimgombeza ananuna, anakugeuzia mgongo, na hageuki mpaka umwombe radhi kwa sauti. Aliogopa ndoo ya njano, ya njano tu, ya buluu hakuwa na neno nayo. Na wakati huohuo, akishajisikia, anajilaza chali kwenye kiganja cha mzee, miguu juu, macho yamefumba, anakunwa shingo. Baridi ikizidi anaingia koti la mzee kwa mkono na kutokea kwenye kola. Basi mteja anauliza bei ya plagi, anaona kichwa cha ndege kinachungulia chini ya kidevu cha muuzaji, anasahau alichokuja kununua.

Wakati huo ndipo baba yangu alipofariki, kule nyumbani, kijijini nje kidogo ya Njombe.

Sitaki kueleza sana msiba. Ninachotaka kusema ni mama. Mama alikuwa mwanamke wa maneno. Akitoka kwenda kisimani anarudi jua limepanda, kwa sababu kila aliyekutana naye lazima wasalimiane mpaka za mbuzi. Tulipomzika baba, mama akanyamaza. Hakulia sana, ingekuwa afadhali angelia. Alijifunika shuka lake zito, akakaa upande wa kitanda, akaangalia ukuta. Tukimpikia anakula kidogo, na nilijua anakula ili tuondoke. Wanawake wa jumuiya walikuja kusali naye, wakaimba, akaitikia amina. Wakienda zao anarudi kwenye ukuta wake. Uzi wa kufumia, ambao hakukaa bila nao tangu nimjue, ulilala kwenye kikapu mpaka panya wakaufanya wao. Niliogopa. Niliogopa kweli, kwa sababu nilimwona mama anamfuata baba, tena bila haraka, na sikujua nishike wapi kumzuia.

Nikamchukua, nikamleta kwangu Makambako. Nikawa nakwenda naye dukani asubuhi, namkalisha kwenye kiti nyuma ya makoti, amejifunika shuka lake. Watu wanasalimia, shikamoo mama, anaitikia kwa kichwa. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Siku moja, upepo unavuma vumbi lote la barabarani linaingia dukani, nikamwona kasuku anaingia kwa miguu. Alitembea chini, kwa ule mwendo wake wa kuyumba, akapita mbele yangu bila hata kunitazama, akashika pindo la shuka la mama kwa mdomo, akapanda. Nikataka kumfukuza. Mzee alikuwa mlangoni, akanionyesha mkono nikae kimya. Ndege akafika kifuani kwa mama, akafunua shuka kwa kichwa, akazama ndani, mkia ukabaki nje, kisha nao ukaingia.

 Mama akasema, "Jamani, kana makucha ya baridi haka."

Lilikuwa neno lake la kwanza lisilo amina tangu tutoke makaburini. Nikaenda nyuma ya makoti nikalia, makoti ya watu nikayalowesha.

Kuanzia siku hiyo ndege akawa analala dukani kwangu, yaani kifuani kwa mama. Mzee hakuona wivu. Alikuwa anachungulia, "Bi mkubwa, mgeni wako hajambo?" na mama anajibu, "Hajambo mzee, ananiharibia sweta." Sweta lilikuwa limetobolewa kweli, na mama alikuwa analitazama lile tundu kwa furaha ambayo sikumwona nayo hata kwa wajukuu.

Kisha mzee akaanza kuumwa. Kile kikohozi tulichokuwa tunakicheka hakikuwa cha kuchekwa. Watoto wake wakasema arudi Unguja wamtunze, na duka wakauza. Kasuku hakuweza kwenda; kwenye nyumba aliyokuwa anakwenda kukaa, mkwewe ana pumu, manyoya ya ndege hayataki. Mzee hakutafuta sana mtu wa kumwachia. Alikuja dukani siku ya kuondoka, kanzu yake imepigwa pasi, mkono mmoja fimbo, mkono mwingine tundu la waya, akaliweka mapajani mwa mama.

"Bi mkubwa, mimi mtoto wangu nakuachia wewe."

 Mama akalishika tundu kwa mikono miwili.

Mzee akatupa maelekezo, na mimi nilikuwepo, nilisikia kila neno kama mama alivyosikia. Nje malori yalikuwa yanapanga foleni, moja limekwama gia linanguruma, tukawa tunapaza sauti. Ale mtama, ulezi, mahindi mabichi, mboga za majani, mbatata za kuchemsha zisizo na chumvi. Aoge maji ya uvuguvugu. Asikae karibu na moshi. "Na kitu kimoja, bi mkubwa, hiki ushike sana. Chochote atakula, lakini mapea usimpe. Mapea ni sumu kwake. Hata kidogo."

"Mapeasi?" mama akauliza kwa sauti juu ya lile lori.

"Ndiyo, hata kidogo!" mzee akaitikia, mkono nyuma ya sikio.

"Hayatamgusa, mzee. Nakuapia."

Wakashikana mikono. Mzee akambusu ndege kichwani, ndege akamng'ata kidole, si kwa nguvu, na mzee akaenda zake bila kugeuka. Tulimsindikiza kwa macho mpaka akapanda gari.

Mama alirudi kijijini wiki hiyohiyo. Hakutaka tena kukaa kwangu. Alisema ndege anahitaji bustani, na bustani iko kwake. Mama huyu ambaye nilimbeba kuja Makambako kama mgonjwa, aliondoka anambishia kondakta mahali pa kuweka tundu. Nikasema moyoni, ahsante Mungu, na ahsante wewe ndege mwenye kisirani.

Nilikwenda kumwona kila nilipopata nafasi, na kila nilipokwenda nilimkuta mama yule wa zamani anarudi kidogo kidogo. Asubuhi anafunika tundu kwa kitenge, kisha analifunua na kusema "Kamwene!" kama anavyomwamkia jirani yeyote wa Kibena, na ndege anatikisa kichwa. Kikohozi cha mzee aliendelea nacho, na kila akikohoa mama humwambia pole. Anatoka naye bustanini ndani ya sweta, anapalilia maharage, kichwa cha kijani kinachungulia kwenye kola. Alianza tena kufuma, ingawa alifuma polepole kwa sababu msaidizi wake alikuwa anavuta uzi upande wa pili. Alianza tena kwenda kanisani. Na kisimani. Ilifika mahali nikimpigia simu ananikatisha, "Ngoja, nina mgeni, nitakupigia," na hapigi. Nilikuwa nanuna, lakini kununa kwa raha.

Msimu wa mapeasi ulipofika, kijiji kizima kilijua. Huku kwetu peasi ni tunda la kila ua; mtu akija kukutembelea anakuja nalo mfukoni. Mama akawa mkali ajabu. Kila aliyepiga hodi alikaguliwa. "Una mapeasi? Yaache nje." Mti wake mmoja wa mapeasi, uliokuwa karibu na dirisha, akauza matunda yake yote yangali mtini ili lisidondoke hata moja mahali ndege anapopita. Mimi nilikula moja njiani, nikafika, akaninusa mikono kama polisi, akaniambia kanawe. Nikamwambia, "Mama, umezidi sasa." Akanikata jicho. "Mimi nimeapa kwa mzee wa watu. Wewe uliapa?" Nikaenda kunawa.

Mzee alipopiga simu kutoka Unguja, sauti yake imekuwa nyembamba, mama alimwambia kwa fahari kwamba msimu unaisha na ndege hajaonja hata ganda. Mzee akasema, Mungu akulipe bi mkubwa.

Sasa maparachichi. Baba yangu, miaka michache kabla hajafa, alisikia wenzake wanavyopanda maparachichi ya kisasa, yale madogo yanayokwenda ng'ambo, akang'oa mahindi sehemu ya shamba akapanda miche. Watu walimcheka. Mzee mzima unapanda mti leo, utakula lini? Akasema watakula waliopo. Alimwagilia mwenyewe kwa ndoo, alifukia samadi kwa mikono. Hakuonja hata moja. Ile miti ilishika matunda mwaka huo ambao mama alikuwa na kasuku.

Mama alinipigia simu mchana, nikiwa na wateja. Sauti yake ilikuwa ya msichana.

"Limeiva la kwanza," akasema. "Nililivundika kwenye pumba, leo limelainika. Nimekula, mwanangu. La baba yenu. Siagi tupu."

"Ahsante Mungu. Umekula peke yako, mchoyo wewe."

"Siyo peke yangu. Nimegawana na kadege kangu."

Tukacheka. Mungu wangu, tulicheka wote wawili, na mimi nikarudi kwa wateja wangu.

Kesho yake asubuhi akanipigia tena. Ndege amevimba manyoya, ameshuka kwenye kijiti chake, amemkuta amekaa sakafuni mwa tundu. Hali chakula. Nikasema labda baridi, mtie kifuani. Akasema yuko kifuani. Nikafunga duka. Njiani nilimpigia bwana mifugo wa kata, mtu mwema, akaniambia kweli kasuku hajawahi kutibu, ila apate joto na maji yenye glukosi, na yeye akipata usafiri atapita.

Nilipofika, mama alikuwa kwenye kigoda mbele ya mlango, juani, sweta limefunguliwa juu. Kasuku alikuwa amefumbua mdomo. Kila akivuta pumzi mkia wote unapanda, akiitoa unashuka, kama mtu anayepiga pampu ya maji iliyokauka. Ule mkia nilioupenda peke yake katika mwili wake wote. Nilimpa maji kwa kijiko, yakamwagikia kifuani. Nikamgusa shingo, mahali pale alipopenda kukunwa. Hakuniuma. Hapo ndipo nilipojua, na ndipo nilipojikuta nampenda, nimechelewa, namwomba aniume.

Alikufa kabla ya jua kufika katikati. Alikohoa kile kikohozi, na sijui kama alikuwa anamwigiza mzee au alikuwa anakohoa chake. Mama akamwambia pole. Kisha akakaa naye kifuani mpaka akapoa, na hata alipokwisha kupoa hakutaka nimtoe. Tulimfunga kwenye kipande cha kitenge tukamfukia nyuma ya jiko. Mama aliingia ndani, akajifunika shuka, akageukia ukuta.

Nilikaa naye. Nilipika, akala kidogo ili niondoke. Jamani, niliujua ule ulaji. Nilisimama uani nikapiga simu Unguja, maana kuna wa kuambiwa, na sikutaka mama ndiye aseme.

Mzee alipokea mwenyewe. Nilimwambia bila kuzunguka. Akasema innalillahi.  Halafu akauliza kwa upole alikuwa anakula nini siku hizo.

"Vilevile mzee. Ulezi, mboga. Juzi alikula parachichi na mama, alilipenda."

 Mtu wa duka hukijua kimya kile cha mteja aliyeona tundu kwenye koti.

"Mwanangu," akasema, "si nilisema mapea?"

"Mapeasi hajagusa, mzee! Hata ganda. Mama alininusa mpaka mikono."

"Sikusema mapeasi." Akakohoa. "Nilisema mapea. Mapea ndiyo hayo. Maparachichi. Sisi kwetu tunayaita mapea. Ya Rabi. Miaka yote hiyo nimekaa kwenu, parachichi nalijua, nalinunua, nalitaja. Siku ile neno la kwetu likanitoka."

Nilikaa chini palepale uani.  Tulimcheka kwa tungule, tukamcheka kwa mbatata, na lile moja tulilopaswa kumuuliza maana yake tukajiona tumelisikia.

Yeye ndiye aliyejikaza wa kwanza. Akasema, "Mama asijue. Nipe niseme naye." Nikaingia ndani na simu, nikaiweka sikioni kwa mama. Nilisikia mzee anavyomdanganya kwa sauti tamu, kwamba yule ndege alikuwa ameshakuwa na umri, kwamba kasuku wadogo hawaonyeshi uzee, kwamba siku zake zilitimia na amekufa penye joto kuliko wafalme. Ndege yule hakuwa mzee hata kidogo. Angeweza kuishi kutuzika wote watatu. Mama alisikiliza. Akasema, "Kweli, mzee?" Na mzee akasema kweli kabisa, bi mkubwa. Halafu, nadhani kwa kusikia ile sauti ya mama, akaongeza asichokuwa amepanga: kijana wake anakwenda tena kusini, atamletea mwingine, wa aina ileile.

Mama akainuka kitandani siku ya pili yake.

Nilimshukuru yule mzee kwa uongo wake. Nilirudi Makambako nikasema imekwisha, hakuna haja ya neno lingine, mama atapata ndege wake. Siku zikaenda. Mama akipiga simu ni habari za kijana amefika wapi, amevuka mpaka, ameanza kurudi. Sikuwaza mbele. Nilikuwa nafurahi tu kwamba anaongea.

Jumamosi moja nikaenda. Nilimkuta uani anasugua tundu kwa mchanga na maji, anaimba pambio, mikono ya sweta ameikunja. Kijiti kipya alikuwa ameshakikata. Alinionyesha kila kitu, hapa atalala, hapa nimeweka kitambaa cha kujifunika. Kisha akanivuta mkono mpaka stoo, akafunua debe la pumba. Maparachichi yalikuwa yamepangwa ndani, mazuri, makubwa kwa aina yake.

"Nimeyavundika," akasema. "Yatakuwa tayari kijana akifika. Mwenzake alikula, na huyu atakula."

 Nikarudi naye uani, nikamwambia, "Mama, kaa kwanza."

Akakaa. Nikakaa chini mbele yake, nikashika magoti yake, na nikaanza vibaya, sijui mtu anaanzaje vizuri.

"Mama, siku ile mzee alisema mapea."

"Ndiyo. Mapeasi. Si sikumpa?"

"Hukumpa. Lakini mzee alisema mapea. Kwao mapea siyo mapeasi."

Akanitazama. Mama yangu hakusoma sana, lakini si mtu wa kurudiwa maneno. Niliona linavyoingia. Aligeuka akatazama upande wa stoo, kisha upande wa shamba la baba, miti imesimama inang'aa.

"Maparachichi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Haya ya baba yenu."

"Yoyote, mama. Siyo ya baba tu. Kasuku hawawezi parachichi, miili yao haikubali. Hukujua. Nami nilikuwepo, nilisikia vilevile kama wewe. Hata mzee anajilaumu yeye."

"Kwa hiyo hakuwa na umri."

"Hakuwa na umri."

Nilimwambia sasa tumeshajua, huyu anayekuja hatutampa, tutaweka hata bango mlangoni. Niliongea sana. Mama alichukua kile kitambaa cha kujifunika ndege, akakikunja, akakikunja tena, mpaka hakikunjiki.

"Mwambie mzee kijana wake asihangaike," akasema.

"Mama, tafadhali."

"Mwambie."

Sikubisha tena.  Nilidhani amemaliza, nikawa nainuka nikachemshe chai, akanishika mkono nikae.

"Alilikataa, mwanangu," akasema. "Nilimpa kipande akakitupa. Nikampa kingine akakitupa, akanigeuzia mgongo. Nikadhani ananiringia. Nikatafuna kidogo mimi mwenyewe, nikamshikia hapa," akagusa midomo yake kwa kidole, "ndipo akala."